Figo zikigoma: mashine ya karibu, mashine ya Dar, figo ya ndugu au India?

Siku hizi karibu kila ukoo una kikao cha namna hii. Majibu ya maabara yamerudi, kreatini, ule uchafu wa damuni ambao figo zilitakiwa kuutoa, iko juu, daktari katamka "hatua ya tano", yani ya mwisho, basi grupu la familia linawaka moto. Mmoja anasema mzee apelekwe India haraka, mwingine anasema kuna mtu anamjua ana dawa ya miti shamba, wa tatu yuko kimya manake anajua kiwanja kitakachouzwa ni cha kwake. Mimi hivyo vikao nimekaa sana kwa ajili ya mjomba wangu, mzee wa Songea, ambaye mpaka leo tunapokezana kumsindikiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Ninachokiona ni kwamba watu wanachagua kwa kuangalia vitu viwili tu, jina la hospitali na bei ya siku moja, na vyote viwili vinapotosha. Cha kuangalia ni kipi familia yenu inaweza kukiendeleza wiki baada ya wiki bila kukatika. Wengi niliowaona wakizidiwa walikuwa na hospitali nzuri tu, ila walikosa nauli wakaruka siku mbili, au chujio ziliisha, au kadi ya bima ikagoma.

Kwahiyo nalinganisha hapa kwa macho ya msindikizaji. Mi sio daktari, maamuzi ya dawa muachieni yeye.

Kwanza, hakikisheni figo zimekufa kweli

Hili watu wanalirukaga alafu wanakuja kulia. Kuna figo zilizokufa taratibu kwa miaka, mara nyingi kwa sukari au presha isiyotibiwa, na kuna figo zilizozima ghafla. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mtu aliyepigwa na malaria kali, aliyeharisha mpaka akakauka maji, aliyekunywa mitishamba asiyoijua, au yule anayemeza diclofenac kila siku kama karanga kwa ajili ya mgongo, huyu figo zake zinaweza kuzima leo na zikisaidiwa wiki kadhaa zikaamka zenyewe. Huyu hahitaji kuuziwa shamba, anahitaji mashine ya karibu sasa hivi, hata kama sio nzuri sana.

Mwombeni daktari ultrasaundi na vipimo vya nyuma kama vipo. Figo zikionekana zimesinyaa, ndogo, hiyo ni ya siku nyingi. Zikiwa na ukubwa wake wa kawaida bado kuna la kuuliza, ingawa mgonjwa wa sukari anaweza kuwa na figo kubwa tu na bado zimekwisha. Na mahali ambapo mashine haipo kabisa kuna njia ya kuingiza maji maalumu tumboni yakavuta uchafu yakatolewa. Hospitali ya KCMC pale Moshi wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa wa ghafla tangu kama 2009, watoto wakiwemo, na haihitaji umeme wala mtambo wa maji. Inahitaji mtu aliyefundishwa na usafi wa hali ya juu.

Kama mmeshaambiwa ni ya kudumu, haya tuendelee.

Mashine ya mkoani na mashine ya Dar

Kusafisha damu ni masaa manne kwa mara moja, mara tatu kwa wiki ndo kiwango kinachotakiwa, na kila mara mashine inapitisha kama lita 120 za maji yaliyochujwa mpaka chumvi zote zimetoka. Hebu fikiria hapo. Mgonjwa mmoja, asubuhi moja, lita 120, na mtambo wa kuchuja nao unamwaga mengine mengi tu ili kupata hayo. Ndo maana mashine inaweza kuletwa mkoani, ikazinduliwa kwa utepe na ngoma, halafu ikakaa. Pampu ya kisima ikifa, umeme ukiyumba, chujio zikiisha stoku, fundi yuko Dar na anasubiri kibali cha safari, kile kitanda kinabaki cha kulalia shuka.

Tanzania sasa hivi sio kama zamani ambapo ilikuwa Muhimbili au ukae nyumbani. Bugando Mwanza wanasafisha, KCMC wanasafisha, Mbeya hospitali ya rufaa ya kanda wanasafisha, Benjamin Mkapa Dodoma, Mnazi Mmoja Zanzibar, na hospitali kadhaa za mikoa na za binafsi. Kwahiyo swali limebadilika. Mashine sasa ipo karibu kidogo, lakini ile ya Dar ina bingwa wa figo anayepita mwenyewe asubuhi, ile ya mkoani mara nyingi ina manesi waliosomea kazi hiyo, daktari wa kawaida, na bingwa wa kupigiwa simu.

Watu wengi hapo wanakimbilia Dar. Mi nasema subiri kwanza. Mgonjwa akihamia Dar haendi kutibiwa akapona akarudi, anahamia. Siku tatu kwa wiki, zamu nyingine inaanza kabla jua halijatoka, yeye yuko chumba cha kupanga huko Mbagala au Gongo la Mboto, anahitaji mtu wa kumsindikiza, huyo mtu kaacha kazi yake, na huku nyumbani shamba halina mlimaji. Miezi mitatu ya kwanza ukoo mzima unachanga, mwezi wa sita wanachanga wawili, mwaka ukiisha simu hazipokelewi, na sio roho mbaya, watu wamechoka tu na wao wana ada za shule.

Sisi tulichofanya ni hivi, na ndo ninachoshauri wengi: nenda hospitali kubwa kwa vile vitu ambavyo vinafanyika mara moja, kisha rudi kwenye mashine ya karibu kwa vile vya kila wiki. Vya mara moja ni kama kuthibitisha ugonjwa, kupima moyo, kuchanja homa ya ini B, na hasa kutengenezewa fistula.

Fistula naomba niongee kidogo maana ndo kitu kinachopuuzwa kuliko vyote. Mgonjwa anapoanza kwa dharura anawekewa mrija wa shingoni. Ule mrija ni mlango wazi, uchafu ukiingia unaingia moja kwa moja kwenye damu, mtu anaanza kutetemeka katikati ya mashine na homa juu. Fistula ni upasuaji mdogo mkononi, wanaunganisha mshipa wa ateri na wa vena, halafu unasubiri kama wiki sita mpaka miezi mitatu mshipa unenepe ndo uchomwe sindano. Ukiweka kidole pale unasikia unanguruma kama simu iliyowekwa vaibresheni, na mgonjwa anafundishwa kukagua kila asubuhi, siku usiposikia mngurumo unaondoka nyumbani siku hiyo hiyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi. Shida ni kwamba wapasuaji wa mishipa ni wachache sana na wako mijini, kwahiyo utakuta mtu wa mkoani ana miezi kumi na mrija shingoni kwa sababu hamna aliyemwambia apande basi aende akafanyiwe. Kama daktari ameshasema figo zinaelekea kufika mwisho, msisubiri mashine ianze, ombeni rufaa ya fistula mapema.

Mjomba alitengenezewa Dar, akakaa kwa ndugu mpaka ikakomaa, sasa anasafishwa Mbeya na anaishi kwa binti yake. Songea alikuwa anaipenda, ila basi la Songea Mbeya mara tatu kwa wiki kwenda na kurudi, hapana.

Kabla ya kuhamisha mgonjwa kwenye kituo cha karibu, nendeni mkaulize mambo madogo madogo ambayo ndo yenye maana. Mashine zinazofanya kazi leo ni ngapi, sio zilizopo chumbani. Mara ya mwisho mtambo wa maji ulipokufa wagonjwa walipelekwa wapi. Umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani (manesi wanajua kurudisha damu kwa kuzungusha pampu kwa mkono, waulizeni, wanaojua watajibu bila kusita). Mwenye homa ya ini B ana mashine yake peke yake au hana. Ukiona msimamizi anajibu vizuri bila kukasirika, hapo panaweza kuwa bora kuliko jengo la vioo. Wa kubaki Dar kweli ni mtoto, mtu mwenye moyo mbovu, na yule ambaye mishipa imekataa kila fistula.

Mara mbili au mara tatu kwa wiki

Hapa ndo pesa inaongea. Bei zinatofautiana, tuchukue laki mbili kwa mara moja ili tupige hesabu tu. Mara tatu kwa wiki ni laki sita, kwa mwaka ni milioni 31 na laki mbili. Mara mbili ni milioni 20 na laki nane. Bado nauli, bado sindano za kuongeza damu, bado chakula. Asiye na bima wengi wanaishia mara mbili, wengine moja, wengine wanakuja wakishaanza kuhema.

Mara mbili inaweza kumbeba mtu ambaye bado anakojoa vya kutosha, na daktari anaweza kukubali kwa muda huku anafuatilia. Kwa asiyekojoa, mara mbili ni mkopo, na riba yake ni maji kwenye mapafu na potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo mbovu haziyatoi, kusimamisha moyo. Hapo utofauti wote unakuwa jikoni. Chumba cha mashine wanaanza na mizani, kila mtu anapanda na khanga yake na malapa, wanatoa uzito wake mkavu, yani ule asio na maji ya ziada, ndo wanajua maji kiasi gani ya kuvuta. Siku moja sista anamwambia mjomba, "Mzee, leo umekuja na kilo tatu na nusu juu, umekunywa nini?" Mzee anajibu taratibu, "Maji ya kumezea dawa tu sista." "Dawa gani hiyo ya lita tatu baba yangu?" Chumba kizima kilicheka, hata waliokuwa na sindano mkononi.

Na kitu kingine ambacho watu wa pwani kinawaponza, dafu. Eti linasafisha figo. Kwa mwenye figo nzima sawa, kwa mgonjwa wa mashine dafu ni potasiamu tupu, sawa na ndizi, parachichi, machungwa, supu ya nyanya. Mboga na viazi vichemshwe maji yamwagwe kisha ndo viungwe. Mtu anayekwenda mara mbili kwa wiki hana nafasi ya kuchezea hapo kabisa.

Bima inabadilisha kila kitu. Kwa mwenye kadi ya NHIF inayolipia, mashine inakuwa swala la nauli. Lakini msilale. Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kupokea kadi hizo kwa ajili ya mvutano wa bei mpya, na kwa mtu wa mafua hiyo ni usumbufu, kwa mtu wa mashine ana siku mbili tatu za kutafuta pengine. Kwahiyo mjue kituo cha pili mapema na mgonjwa awe na faili lake mkononi, majibu ya homa ya ini na ukimwi yawe mapya, maana hamna kituo kitakupokea bila hayo.

Kwa ndugu zetu wa Kenya hesabu ni tofauti kidogo, kule mpango wa vifaa wa 2015 ulisambaza mashine mpaka hospitali za kaunti, na SHA, mamlaka yao ya bima ya afya, inalipia shilingi 10,650 za Kenya kwa mara moja. Umbali umepungua. Foleni na mashine mbovu haziko mbali na zetu.

Mashine au figo mpya

Kama mgonjwa ni kijana au wa makamo, moyo wake mzima, na yuko ndugu anayefaa na anayetaka kwa hiari yake, figo mpya inashinda. Sizunguki hapo. Anarudi kazini, anakunywa maji, anasafiri, mwanamke anaweza hata kuja kubeba mimba baadaye akipangiwa na daktari. Na ukirudi kwenye ile hesabu ya milioni 31 kwa mwaka utaona mwenyewe: Muhimbili walipopandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, wakisaidiana na wataalamu kutoka India, ilielezwa kwamba ndani ya nchi ingegharimu takriban milioni 20 wakati kumpeleka mtu nje ilikuwa kati ya 80 na 100. Bei za leo kaulizeni upya, ila uwiano unauona. Dodoma nao, Benjamin Mkapa, walianza Machi 2018 na wataalamu wa Japani. Rwanda wameanza King Faisal 2023, Uganda wakafanya ya kwanza Mulago Desemba mwaka huo huo baada ya kupata sheria yao.

Sasa mbona watu wengi bado wako kwenye mashine? Hapa ndo watu wanapodhani tatizo ni pesa ya upasuaji. Upasuaji ukoo unaweza kuchanga, msikiti ukachanga, kanisa likachanga, harusi tunachangaje? Kitu kinachosumbua ni baada. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, tacrolimus, mycophenolate, prednisolone, ni za kila siku mpaka mwisho, asubuhi na jioni kwa saa ile ile, na damu inapimwa kujua kiwango cha dawa kama kimekaa sawa. Hazipatikani kila duka la dawa. Mtu wa Sumbawanga akiishiwa Ijumaa, basi lake la kwenda kuzifuata ndo lile lile la kusindikiza mgonjwa wa mashine, tofauti yake ni kwamba akikosa wiki mbili anaweza kupoteza figo ya dada yake moja kwa moja. Na kinga ikishushwa TB inachungulia. Kwahiyo kabla ya kusherehekea uliza kadi yako inalipia dawa za baada ya kupandikizwa au hailipii, vifurushi havifanani, na uliza kipimo cha kiwango cha dawa kinafanyika wapi na majibu yanatoka baada ya siku ngapi.

Mwenye uwezo wa kulipia mwezi hadi mwezi lakini nidhamu ya dawa hana, yule ambaye ya presha tu anaimeza akikumbuka, kwangu mimi abaki kwanza mashine. Inauma kusema, lakini kule nesi anamwona mara tatu kwa wiki.

Kuna mtego mwingine hapa ambao hausemwi. Mgonjwa wa figo anaishiwa damu kwa sababu figo ndo zinatoa ile homoni ya kutengeneza damu. Dawa yake ni sindano ya kuongeza damu, erythropoietin, ambayo ina bei na inatakiwa kukaa kwenye baridi. Pale ambapo haipo wanaongeza chupa ya damu, na chupa ya damu inaokoa maisha kweli, ila kila chupa inaweza kuufundisha mwili kukataa tishu za watu wengine, na siku ndugu anakuja kupimwa kulinganishwa wanaambiwa haiwezekani, mwili wa mgonjwa una silaha tayari. Yani uhaba wa sindano leo unakufungia mlango wa kupandikizwa kesho. Kama mna mpango wa figo mwambieni daktari tangu siku ya kwanza, ili damu iongezwe pale tu ambapo hakuna namna.

Nani atoe?

Hapa kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Anapimwa damu, tishu, presha, sukari, figo zake mbili zinapigwa picha, moyo, mpaka akili. Wengi wanaanguka kwenye vipimo, mwingine anagundua hapo hapo kwamba na yeye ana presha, ndo ilivyokuwa kwa mtoto mkubwa wa mjomba, akaondoka na dawa zake.

Ila nimeona kikao ambacho wanaume sita wamekaa na wote macho kwa binti mdogo ambaye hajaolewa. Hamna aliyesema, lakini kila mtu alijua. Jamani. Mtoaji ana haki ya kukataa, na madaktari wa timu hizi wanaongea naye peke yake bila ndugu. Akisema hataki, wanaweza kuiambia familia tu kwamba kiafya hafai, basi, siri inabaki hapo. Mabinti mjue hilo lipo. Na mtoaji bajeti yake iwemo: wiki kadhaa hawezi kubeba ndoo wala kulima, na kliniki yake ya kila mwaka ifanyike kweli, figo moja inatosha kwa maisha marefu lakini isiachwe bila kuangaliwa.

Kununua figo sigusi sana. Ni kosa, na anayeuza mara nyingi ni kijana masikini anayeambulia kidogo. Kenya mwaka 2025 wizara ya afya ilisimamisha upandikizaji kwenye hospitali moja ya Eldoret ili kuchunguza tuhuma za namna hiyo. Dalali akikufuata na namba ya simu ya mtoaji, kata.

Ndani au India

India wana uzoefu mrefu, wanafanya nyingi sana, na kesi ngumu wanaziweza: damu ya makundi tofauti, mgonjwa mwenye silaha mwilini nilizozisema, aliyepandikizwa ya kwanza ikafa, mtoto mdogo. Kwa kesi kama hizo, kama fedha ipo, India ina maana. Kwa kesi nyepesi, dada kumpa kaka, damu zinaendana, mi ningeanza na Muhimbili au Dodoma bila kufikiri mara mbili, kwa sababu timu iliyokupasua ndo itakayokuona siku figo ikianza kulegea usiku wa manane.

Watu wanapiga hesabu ya India kwa bei ya hospitali waliyotumiwa na wakala. Ongeza viza ya matibabu ya mgonjwa, ya msindikizaji na mtoaji, ongeza nyumba ya kupanga miezi miwili mitatu, ongeza mashine akiwa anasubiri kule. Na kuna karatasi: sheria yao ya 1994 ya viungo inataka undugu uthibitishwe, ubalozi wenu unasaini fomu namba 21, halafu kamati inawahoji mgonjwa na mtoaji uso kwa uso. Familia zimekwama Delhi wiki na wiki kwa sababu vyeti vya kuzaliwa vina majina tofauti, huku kaandikwa Asha Juma kule Mwanaasha J. Mbwana, na baba ni yule yule. Kanyoosheni majina RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kabla ya kukata tiketi.

Wakati wa kurudi, njooni na ripoti kamili, sio karatasi moja ya kuruhusiwa. Dawa ya kampuni gani, kipimo, kiwango cha mwisho kwenye damu, mrija wa ndani wa mkojo umetolewa au bado. Bingwa wa huku anapokea mgonjwa wa mtu mwingine, asipewe mafumbo. Na mpigieni huyo bingwa kabla hamjaondoka, akubali kumpokea.

Njia ya tumbo nyumbani

Ukiiangalia kijiografia hii ndo ingetufaa sana: mgonjwa anabadilisha maji tumboni mwenyewe kwake, kama mara nne kwa siku lita mbili mbili, haendi popote. Lakini piga hesabu, lita nane kwa siku ni 240 kwa mwezi, kwenye mifuko inayotoka nje ya nchi, ifike mpaka Liwale wakati wa mvua. Sehemu nyingi hapa kwa mgonjwa wa kudumu haipo, au ipo leo kesho hakuna. Kama kituo chenu kinayo na stoku ni ya uhakika, na nyumba ina chumba kisafi na maji ya kunawa, ifikirieni, hasa kwa mtoto anayesoma.

Kutokwenda mashine kabisa

Nayo ni chaguo na watu wanaogopa kuitaja. Mzee wa miaka 84, kapooza upande mmoja, hamtambui mtu, moyo umechoka: mashine mara tatu kwa wiki inaweza isimuongezee siku za maana, inamuongezea safari na sindano. Kuna matunzo bila mashine. Dawa za kupunguza maji, za muwasho, za kichefuchefu, chakula cha kupangilia, na timu ya tiba shufaa, ya kumpunguzia mateso, inayomfuata nyumbani kama ipo mkoani kwenu. Morfini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, hata kwake inaweza kutumika, ila kwa mtu wa figo dozi inakuwa ndogo na masaa yanatanuliwa, manake haitoki mwilini haraka, au daktari anachagua dawa nyingine, kwahiyo msiazime chupa ya jirani aliyekuwa na saratani.

Kama hamna uhakika, mwombeni daktari iwe majaribio, mwezi mmoja au miwili ya mashine kisha mkae tena kuangalia: anakula? anaongea? anataka kuendelea? Wengine wanafufuka mpaka mnashangaa, wengine mnaona wazi. Na aulizwe mwenyewe, mapema, kabla sumu haijapanda kichwani akaanza kuwaita watu majina ya marehemu, maana siku hiyo atakayejibu kwa niaba yake ni yule mwenye sauti kubwa kwenye grupu.